Alama za Ndege za Vita na Sababu ya Kubadilishwa Kwazo

Mfugaji hana haja ya kuuliza ng'ombe ni wa nani. Akilitazama sikio lililokatwa, au chapa iliyo pajani, mara hujua mnyama yule ni wa ukoo gani. Na mabaharia wa pwani ya Lamu huyatambua majahazi yangali mbali, na mengine huchorwa jicho la mviringo huku na huku katika omo. Alama ni neno lisilo sauti. Husema, "Huyu ni wa fulani, mwacheni apite." Lakini neno hilo lina sharti moja: yule anayeitazama alama awe amekwisha kufundishwa maana yake. Asipoijua, alama haimfai kitu yeye, wala haimfai yule aliyeivaa.

Habari za leo ni habari za alama zilizopakwa katika ndege za vita: duara, nyota, misalaba na mistari. Watu wengi hudhani kwamba alama hizo ni mapambo tu, au kwamba ni bendera ya nchi iliyofanywa ndogo. Sivyo. Kwa ajili ya alama hizo watu wengi wameokoka, na wengine wengi wamekufa kwa mikono ya ndugu zao. Kadhalika alama hizo hazikukaa hali moja. Zilibadilishwa mara nyingi, na mahali pengine zilipakwa namna nyingine, na kila badiliko lilikuwa na sababu yake.

MWANZO WA DUARA

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza katika mwezi wa Agosti 1914, ndege ilikuwa kitu kigeni machoni pa askari wa nchi kavu. Walipoiona ikipita juu yao waliipiga bunduki bila kungoja kujua ni ya nani, na marubani wa Kiingereza walirudi na mabawa yaliyotobolewa na risasi za wenzao. Basi ikaamriwa kwamba bendera ya Uingereza ichorwe chini ya mabawa. Shauri hilo lilionekana jema, lakini halikufaa. Bendera ile ina msalaba mwekundu katikati, na alama ya ndege za Wajerumani ilikuwa msalaba mweusi. Ndege ikiwa juu sana rangi hufifia, ikabaki sura tu. Na sura ya msalaba ni ile ile, uwe mwekundu, uwe mweusi.

Wafaransa walikuwa wamekwisha kupata njia iliyo bora. Tangu mwaka wa 1912 ndege zao zilichorwa duara lenye buluu katikati, kisha nyeupe, kisha nyekundu nje. Waingereza waliifuata njia hiyo mwishoni mwa mwaka 1914, ila waligeuza mpango wa rangi: nyekundu ikawa katikati na buluu ikawa nje. Duara halifanani na msalaba hata likionekana dogo kama senti. Ndiyo sababu limedumu katika ndege za Uingereza tangu siku zile hata leo.

Lakini mara ikaonekana shida ya pili. Ndege zilipoanza kwenda kutupa mabomu usiku, rangi nyeupe iling'aa katika mwanga wa taa kubwa za adui zilizokuwa zikimulika mawinguni. Kwa hiyo nyeupe ikaondolewa katika ndege za usiku, zikabaki nyekundu na buluu tu. Hapo ndipo ilipodhihirika taabu ambayo haikuisha hata leo. Alama ikiwa wazi, rafiki huiona na kuacha kupiga. Lakini adui naye huiona na kupata shabaha. Alama ikifichwa, adui hadanganyiki sana, bali rafiki hupotea. Kila mtu aliyepewa kazi ya kuamuru alama za ndege alilazimika kuchagua kati ya hatari hizo mbili.

UMBO LA NDEGE HUDANGANYA

Watu wengine husema, "Mbona mtazamaji asijifunze maumbo ya ndege, akaacha habari za rangi?" Kujifunza maumbo ni jambo jema, na askari wote hufundishwa. Lakini mambo yaliyotukia katika nchi ya Kenya yenyewe yaonyesha kwamba umbo peke yake halitoshi.

Katika mwaka wa 1940, Waitalia walipokuwa wakitawala Ethiopia na Somalia ya Kiitalia, Jeshi la Hewani la Afrika ya Kusini lilileta vikosi vyake Kenya. Kimoja cha vikosi hivyo kilikuwa na ndege za Junkers 86. Ndege hizo zilikuwa za asili ya Kijerumani. Zilinunuliwa kabla ya vita kwa kazi ya kuchukua abiria katika Afrika ya Kusini, kisha zikageuzwa kuwa za kutupa mabomu. Mwezi wa Juni 1940 zilikwenda kuwapiga Waitalia upande wa Moyale. Basi mtu aliyezitazama kwa umbo tu angeweza kuapa kwamba ni za adui, maana Mjerumani ndiye aliyezibuni. Alama ndiyo iliyosema kweli.

Na alama hiyo nayo ilikuwa na desturi ya kwao. Waingereza walitia nyekundu katikati ya duara, bali watu wa Afrika ya Kusini walitia rangi ya machungwa, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo iliyokuwa katika bendera ya nchi yao ya wakati ule. Duara lilikuwa moja, jamaa mmoja, lakini kila nyumba iliweka dalili yake.

Hata hivyo alama nzuri haimsaidii mtu mwenye pupa. Tarehe 6 Septemba 1939, siku ya tatu tangu Uingereza kutangaza vita na Ujerumani, ilivuma habari ya uongo kwamba ndege za adui zinakuja upande wa mto Thames. Ndege nyingi za Uingereza zikarushwa kuzitafuta. Katika machafuko hayo ndege za Spitfire zikazipiga ndege za Hurricane, zote za jeshi moja, zote zenye duara lile lile. Mbili zikaanguka, na rubani mmoja akafa. Adui hakuwako hata mmoja. Waliotazama hawakuona kilichokuwapo mbele ya macho yao. Waliona kile walichotumwa kukitafuta.

NYEKUNDU YAONDOLEWA

Japani ilipoingia vitani mwezi wa Desemba 1941, ilitokea shida ambayo wachoraji wa duara la mwaka 1914 hawakuifikiri. Alama ya ndege za Japani ni jua jekundu, yaani duara moja jekundu tupu. Katika duara la Uingereza nyekundu ilikuwa katikati. Marekani nayo ilikuwa na nyota nyeupe yenye kitone chekundu katikati. Askari aliyeona nyekundu ikipita kwa kasi juu ya miti hakungoja kuona kilichoizunguka. Alipiga.

Kwa hiyo Marekani iliamuru katika mwezi wa Mei 1942 kwamba kile kitone chekundu kifutwe. Australia nayo iliondoa nyekundu katika ndege zake zilizopigana na Wajapani, ikabakiza nyeupe na buluu. Na katika India na Burma ndege za Uingereza zilipewa duara jipya kabisa: buluu iliyoiva nje, na buluu nyepesi katikati. Nyekundu haikuonekana hata kidogo.

Badiliko hili liliwahusu watu wa Afrika ya Mashariki hasa. Katika mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilishuka katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua za masika. Njia zilikuwa matope, malori yalizama, malaria ilikuwa nyingi. Chakula, risasi na dawa vililetwa kwa ndege za Dakota na kuangushwa kutoka juu. Askari walio na njaa msituni, wasikiapo mvumo juu ya mawingu, ilikuwa lazima wajue upesi: je, ni mkate unaokuja au ni bomu? Askari aliyekuwa amezoea duara lenye nyekundu katikati tangu Kenya ilimbidi ajifunze upya kwamba huku Burma nyekundu ni adui, na rafiki ni buluu tupu, au nyota nyeupe ya Marekani. Alama iliyokuwa salama nyumbani ilikuwa hatari ugenini.

Hata duara la buluu lilionekana kuwa halitoshi. Ndege ndogo za kupigana zilizopakwa kijani na kahawia zikaongezwa mikanda myeupe puani, mabawani na mkiani. Na zile zilizoachwa na rangi ya fedha zikapewa mikanda ya rangi iliyoiva, ionekane juu ya fedha. Wajerumani nao walikuwa na desturi kama hiyo. Ndege zao zilizopigana upande wa Bahari ya Mediteranea na Afrika ya Kaskazini zilivaa ukanda mweupe, na zile za upande wa Urusi zilivaa ukanda wa manjano. Msalaba wao ulikuwa mmoja kila mahali, lakini kila uwanja wa vita ulikuwa na ukanda wake.

USIKU WA SICILY

Yaliyotangulia ni madogo mbele ya mambo yaliyotukia katika kisiwa cha Sicily. Tarehe 10 Julai 1943 majeshi ya Uingereza na Marekani yaliingia kisiwani humo. Usiku wa tarehe 11, ndege 144 za Marekani ziliondoka Tunisia zikiwachukua askari wa miavuli kwenda kuwasaidia wenzao. Ndege za adui zilikuwa zimezipiga manowari na askari wa pwani mchana kutwa, na hata usiku ulipoingia. Wapiga mizinga walikuwa wamechoka, nao wamejaa hofu. Habari zilikuwa zimepelekwa kwamba ndege za kirafiki zitapita, lakini hazikumfikia kila mtu.

Ndege za kwanza zilipita salama. Kisha mzinga mmoja ukalia. Mara mizinga mingine ikaufuata, kutoka nchi kavu na kutoka baharini, kila mmoja ukidhani kwamba mwenzake ameona adui. Ndege 23 ziliangushwa na 37 ziliharibiwa. Askari waliokufa usiku ule walikufa kwa risasi za jeshi lao wenyewe, wengine wakiwa bado wamekaa katika viti vyao. Nyota nyeupe ilikuwa imechorwa katika kila ndege, lakini usiku, na chini ya moshi, hakuna aliyeiona.

Wakubwa wa vita hawakuyasahau mauti hayo. Walipokuwa wakitengeneza mpango wa kuingia Ufaransa, walijua kwamba maelfu ya ndege yatapita juu ya maelfu ya manowari. Basi wakaamuru alama ambayo mtu yeyote mwenye macho angeiona: mistari mitano mipana, mitatu myeupe na miwili myeusi, izunguke mabawa na mwili wa ndege. Katika ndege yenye injini moja kila mstari ulikuwa na upana wa inchi 18, na katika ndege yenye injini mbili inchi 24. Ndege kubwa za injini nne hazikupakwa, kwa sababu Wajerumani walikuwa na chache mno za namna hiyo, wala hakuna ambaye angekosea.

Amri hiyo iliwekwa siri hata siku za mwisho, adui asije akaiga mistari hiyo. Ilipotolewa, mwanzoni mwa mwezi wa Juni 1944, mafundi walifanya kazi mchana na usiku kwa brashi, na wengine hata kwa mifagio. Mistari mingine ilikwenda upande, na rangi nyingine ilidondoka. Haikudhuru. Asubuhi ya tarehe 6 Juni, mpiga mzinga katika manowari hakuhitaji kuuliza.

Lakini ile hatari ya pili ilikuwa ikingoja. Ndege hizo zilipoanza kukaa katika viwanja vya Ufaransa, mistari myeupe juu ya mabawa ilimwonyesha adui mahali zilipoegeshwa. Kwa hiyo mistari ya juu iliondolewa baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, na kabla ya kwisha mwaka nyingi zilikuwa zimefutwa kabisa. Dawa ilikuwa nzuri kwa siku yake. Siku ilipopita, ikawa sumu.

KINYWA CHA PAPA NA MAJINA YA NCHI

Si kila kilichopakwa katika ndege kiliamriwa na wakubwa. Kulikuwa na michoro iliyoanzishwa na vikosi vyenyewe, na maarufu kuliko yote ni kinywa cha papa. Kikosi kimoja cha Wajerumani kilichora meno ya papa katika pua za ndege zake za injini mbili. Katika mwaka wa 1941 kikosi cha 112 cha Uingereza, kilichokuwa Misri, kikachora kinywa hicho katika ndege zake za Tomahawk, ambazo pua yake pana ilifaa sana kwa meno. Picha ya ndege hizo ikatolewa katika magazeti, nayo ikaonwa na marubani wa Kimarekani waliojitolea kuipigania China, waliokuwa wakijizoeza Burma. Nao wakachora papa. Hivyo mchoro wa Mjerumani ulivuka kwa adui zake, ukafika hata milima ya China, na watu wengi wakadhani kwamba ulianzia huko.

Pengine maandiko yaliyopakwa yalikuwa ya kuwakumbuka waliotoa fedha. Katika vita vile makoloni mengi yalichanga fedha za kununulia ndege, na bei iliyotajwa ya Spitfire moja ilikuwa pauni 5,000. Jina la mahali palipotoa fedha liliandikwa ubavuni. Kikosi cha 72 kiliitwa kikosi cha Basutoland, na kikosi cha 249 kiliitwa kikosi cha Gold Coast. Kwa hiyo katika mbingu za Ulaya na Malta yalipita majina ya nchi za Kiafrika, yaliyolipiwa kwa fedha za watu ambao wengi wao hawakupata kuiona ndege hata mara moja.

JANI, KANGARUU NA KIWI

Baada ya vita, nchi zilizokuwa zikivaa duara la Uingereza zilitaka lijulikane duara la nani. Hazikulitupa, bali zilibadili sehemu ya katikati. Kanada ilitia jani jekundu la mti wa mepo mwaka 1946. Australia ilitia kangaruu mwekundu mwaka 1956, naye huchorwa akiruka kuelekea pua ya ndege. New Zealand ilitia ndege kiwi mwaka 1970. Na watu walicheka kidogo, maana kiwi hawezi kuruka. India ilichagua rangi za bendera yake mwaka 1950, yaani zafarani, nyeupe na kijani.

Kenya nayo, baada ya kupata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, ilianzisha Jeshi lake la Hewani tarehe 1 Juni 1964, na ndege zake zikavaa rangi za bendera ya taifa. Neno lile lile lililosemwa na mfugaji kwa sikio la ng'ombe likasemwa na taifa jipya: "Huyu ni wetu."

ALAMA NA UAMINIFU

Katika mwaka wa 1923 wanasheria wa mataifa kadha walikutana The Hague wakaandika kanuni za vita vya hewani. Kanuni hizo hazikupata kutiwa sahihi kuwa mapatano kamili, lakini mambo mengi yaliyomo yameheshimiwa. Mojawapo ni kwamba ndege ya vita lazima iwe na alama ya nje ionyeshayo taifa lake, na nyingine ni kwamba ni marufuku kuvaa alama ya uongo. Maana ndege isiyo na alama ni kama mtu ajaye usiku amejifunika uso. Na ndege yenye alama ya mwingine ni kama mwizi aliyevaa kanzu ya jirani.

Leo ndege za vita huulizana kwa redio kabla ya kuonana, na nyingi zimepakwa rangi ya kijivu, na duara zake zimefanywa ndogo na hafifu hata mtu asimame karibu ndipo azione. Hata hivyo alama haijaondolewa. Vyombo huharibika, redio hunyamaza, na mara nyingine hubaki jicho la mtu mmoja na moyo wake.

Basi, Mabwana na Mabibi, fundisho la habari hizi halihusu ndege tu. Kubadili alama si kosa. Nyekundu iliyookoa watu Ufaransa ingewaua Burma, na mwenye akili hutazama mahali alipo. Lakini kila ambadilishaye alama amewekewa deni: ni juu yake kumpelekea habari hata mtu wa mwisho, yule aliyesimama peke yake gizani na kidole chake kiko katika mtambo wa mzinga. Huko Sicily habari ilitumwa, ikawafikia wengi. Wale wachache ambao haikuwafikia ndio waliotosha.